Maana ya ulinzi wa mnunuzi wa nyumba katika nchi ya kigeni

Ulinzi wa mnunuzi, katika biashara ya kuwauzia watu nyumba zilizo nje ya nchi zao, ni masharti ya kisheria yanayoamua nani atashika fedha za mnunuzi, lini zitatolewa, na nani atazirudisha nyumba isipojengwa. Dhana hii huchanganywa mno na maadili ya kazi ya wakala, yaani kanuni anazokubali kuzifuata anapojiunga na chama cha wenzake. Kanuni hizo zina manufaa, lakini pale ambapo uanachama ni wa hiari, adhabu kubwa ya chama huwa ni kumfukuza mkosaji, na kufukuzwa kwake hakumrudishii mnunuzi hata senti moja.

Tofauti hiyo hudhihirika zaidi nyumba inaponunuliwa ingali kwenye ramani. Nchini Hispania, Sheria Namba 57 ya mwaka 1968 ilimtaka mjenzi anayepokea malipo ya awali ayaweke katika akaunti maalumu na ayakatie dhamana ya benki au bima. Soko la nyumba lilipoporomoka kuanzia mwaka 2008 na wajenzi wengi wakafilisika, wako wanunuzi waliotambua kwamba dhamana hiyo hawakupewa kamwe. Desemba 2015 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba benki iliyopokea fedha hizo bila kudai akaunti maalumu na dhamana inawajibika kwa wanunuzi. Naamini huo ndio ulinzi wa kweli, ingawa ulikawia kuwafikia watu waliokuwa wametoa akiba zao za uzeeni.

Dubai ilifuata njia ya akaunti ya amana. Sheria Namba 8 ya mwaka 2007 inaagiza malipo yaingie katika akaunti ya mradi husika, ambayo wadai wa mjenzi hawawezi kuikamata, na asilimia 5 hubaki humo mwaka mmoja baada ya nyumba kusajiliwa kwa majina ya wanunuzi. Ufaransa nayo humzuia mjenzi kupokea zaidi ya asilimia 35 ya bei msingi unapokamilika, na asilimia 70 jengo linapoezekwa na kutopitisha maji.

Masharti haya yote hutegemea sheria ya mahali nyumba ilipo, wala si ya nchi anakoishi mnunuzi. Kwa hiyo wakili wa kuyathibitisha awe anaijua sheria hiyo, na asiwe yule aliyependekezwa na muuzaji.