Kabla ya rangi: siku mbili na daftari, Keko

Mzee alikuwa ameshachagua rangi hata sijakaa. Bluu, dhahabu pembeni, na picha zinazobadilika zenyewe juu ya ukurasa kama alivyoona kwenye simu ya kijana wake. Ana karakana ya samani Keko, Dar es Salaam, na alitaka tovuti. "Binti, we nichoree tu, hela ipo." Nikamwomba siku mbili za kukaa kwenye benchi karibu na simu yake, na daftari.

Aliona nampotezea muda. Lakini katika kazi hii ya kutengeneza tovuti nimeshafika mahali siwezi kuanza bila daftari hilo. Naandika kitu kimoja tu: kila mteja anayepiga au anayeingia anauliza nini, kwa maneno yake mwenyewe. "Sita kwa sita ya mninga bei gani?" "Mnachukua siku ngapi?" "Advansi kiasi gani?" "Mnaleta mpaka Kigamboni au nitafute kirikuu mwenyewe?" "Hiyo ni mninga kweli au mmepaka rangi?" Mpaka jioni ya siku ya pili hakuna hata mmoja aliyeuliza karakana ilianzishwa mwaka gani. Na mzee alikuwa ameshaandika kurasa tatu kwa mkono za "Kuhusu sisi".

Swali linalorudi kila saa linakaa juu kabisa. Linaloulizwa mara moja kwa siku linapata kona yake. Lisiloulizwa na mtu linasubiri. Ndivyo tulivyotoka kwenye kurasa kumi na mbili alizotaka tukabaki na nne: vitanda, makabati na meza, jinsi ya kuagiza, tulipo. Historia ya karakana ikapata aya moja na picha yake akiwa na randa mkononi, nayo kwa kweli ni picha nzuri.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa bei. Mzee hakutaka ionekane, na sababu zake hazikuwa za kijinga: jirani ataiona na kushusha, mbao zinapanda bila kupiga hodi, na mteja akishaona tarakimu hasikii tena habari ya michongo. Hii tabia ya "bei njoo inbox" tumeizoea Instagram mpaka tunaiona ni utaratibu. Mimi naipinga. Anayeuliza bei saa nne usiku asipojibiwa, anauliza karakana ya pili na ya tatu, na asubuhi unapoamka yeye ameshalipa advansi kwingine. Jirani naye anaijua bei yako tangu zamani, alishamtuma kijana aje kuuliza.

Tukakubaliana hivi: samani sita zinazoulizwa sana zina bei ya "kuanzia", na chini yake tarehe bei iliporekebishwa, pamoja na mstari mmoja unaosema aina ya mbao, kipimo na michongo ndivyo vinavyoipandisha. Kupatana kupo palepale. Ila nilikuwa na sharti: bei iandikwe kama maandishi, isiwe ndani ya bango alilotengeneza mtu wa grafiki. Bango likishatoka, kubadilisha tarakimu moja ni mpaka umtafute aliyelitengeneza, na hapo ndipo tovuti nyingi zinapoanza kudanganya wateja bila mwenyewe kukusudia. Nikauliza nani atakuwa anabadilisha. Mzee akamwangalia binti yake anayepokea simu. Basi ukurasa wa bei nikaujenga uweze kurekebishwa na yeye, kwa simu yake, bila kunipigia. Kama asingekuwepo mtu wa namna hiyo ningeziondoa bei zote. Bei ya mwaka juzi ni mbaya kuliko kutokuwa na bei.

Kingine alichotaka ni kikapu: mteja achague kitanda, abonyeze, alipe, aende zake. Nikakataa, ingawa kikapu kingenipa hela zaidi. Kitanda cha Keko hakiko stoo kinasubiri mtu, kinatengenezwa. Fundi lazima asikie ni tano kwa sita au sita kwa sita, mninga au mkongo, na kama ngazi ya nyumba yako ni nyembamba kiasi cha kukifanya kipitie dirishani. Mazungumzo hayo yanafanyika WhatsApp vizuri kuliko kwenye fomu yoyote. Kwa hiyo kila samani ina kitufe kinachofungua WhatsApp na ujumbe ulioandikwa tayari, wenye jina la samani yenyewe, ili binti asianze kwa kuuliza "ipi dada?" (Kwa wanaojitengenezea wenyewe: kwenye kiungo cha wa.me namba inaanza na 255, bila sifuri na bila alama ya kujumlisha. Nimeshaona biashara iliyoweka 07 ikakaa hivyo muda mrefu ikijiuliza mbona hakuna anayeandika.) Advansi inaenda kwenye lipa namba ya biashara, siyo namba binafsi ya mtu. Mteja asiyekujua anataka kuona jina la karakana kabla hajaingiza namba ya siri.

Usichukue hili kama kanuni ya kila biashara. Nyumba ya wageni niliyoifanyia kazi Paje, Zanzibar, mambo yalikuwa kinyume kabisa. Mgeni wake yuko Ujerumani au Italia, anataka kuona tarehe zilizo wazi na kulipa kwa kadi, na Kiingereza ndicho kilichotangulia. Kule bila sehemu ya kuweka nafasi tovuti ingekuwa kalenda ya ukutani tu. Keko tuliandika Kiswahili peke yake, kile cha dukani, kwa sababu anayetafuta kwenye Google anaandika "kitanda cha mninga", haandiki maneno ya brosha.

Picha ndizo zilizonichukua siku nyingi. Binti alikuwa nazo nyingi kwenye simu, nzuri, kila moja megabaiti tatu au nne. Weka ishirini kwenye ukurasa mmoja uone: umemlazimisha mteja ateketeze megabaiti 60 au 80 za bando lake ili aangalie kabati. Hatakulaumu, ataondoka tu. Nilizipunguza upana hadi pikseli 1,200, nikazigeuza kuwa WebP, aina ya faili ya picha iliyo nyepesi, kila moja ikashuka kwenye kilobaiti 150 hivi, na zinapakuliwa kadiri mtu anavyoshuka. Ukurasa mzima ukawa kama megabaiti tatu. Zile picha za kubadilika zenyewe zikafa hapohapo. Mtu anaona ya kwanza, zinazofuata zinamla bando huku yeye ameshapita. Najaribu kila tovuti kwa simu yangu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, nikiwa kwenye daladala, siyo ofisini kwenye waifai. Google nao tangu 2016 walitangaza kwamba wanahamia kuipima tovuti kwa jinsi ilivyo kwenye simu, kwa hiyo kuanza kupanga na kompyuta ni kuanza na mlango wa nyuma.

"Tulipo" ilionekana rahisi. Mwaka 2022 kulikuwa na operesheni ya anwani za makazi, mitaa ikapata majina na nyumba namba, lakini kwenye daftari langu kila aliyeuliza njia alimalizia na "karibu na nini?" Tukaweka alama ya ramani, na picha ya uchochoro wa kuingilia, ukutani pakionekana tangazo la fundi cherehani ambalo kila dereva wa bodaboda analijua.

Sasa jina, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Yule mwenye nyumba ya wageni Paje alinijia akiwa tayari ameumia. Fundi wake wa kwanza alisajili kikoa, yaani anwani ya tovuti, kwa baruapepe yake mwenyewe, kisha akabadilisha namba ya simu. Mwaka ukaisha, taarifa za kulipia zikawa zinaenda kwa mtu asiyejali, kikoa kikafa. Kibao cha barabarani, kadi za biashara, vyote vilikuwa na anwani isiyofunguka. Tangu siku hiyo sisajili kikoa cha mteja kwa jina langu hata akinibembeleza. Kinasajiliwa kwa baruapepe yake na simu yake, na risiti inakaa kwenye faili lake. Vikoa vya .tz viko chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, na vinauzwa na mawakala walioidhinishwa; mzee alichukua .co.tz kwa sababu wateja wake wako hapahapa. Jina tulilipima kwa kumpigia shangazi yake Tanga na kumtamkia mara moja. La kwanza aliliandika vibaya. La pili alilipatia.

Mambo mengine hayakutuchelewesha. HTTPS, yaani ulinzi wa mawasiliano kati ya simu ya mteja na tovuti, ni lazima, kwani Chrome tangu Julai 2018 inaiandikia tovuti isiyo nayo kuwa si salama, na cheti chake kinapatikana bure kupitia Let's Encrypt, kwa hiyo ukitozwa hela nyingi kwa hilo peke yake, uliza maswali. Fomu yetu inaomba jina na simu tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na mwenye karakana hana haja ya kujua tarehe ya kuzaliwa ya mtu anayenunua stuli. Na seva, kompyuta inayoihifadhi tovuti, nilipendelea iliyoko nchini. Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, tulijifunza kilichopo kati yetu na seva za mbali ni uzi.

Bluu ilibaki, sikupigana naye kwenye hilo. Juzi nimefungua ukurasa wa bei nikiwa foleni ya Tazara: binti ameshabadilisha tarehe, mninga umepanda. Sofa bado haina picha.