Je, wajua kwa nini aliyebadilishiwa nyonga anasimamishwa mapema hivyo?

Mtu akirudi Tanga baada ya kubadilishiwa nyonga, iwe katokea MOI, ile taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar, au kwengine, majirani wa Ngamiani na Makorora watakuja kumwona na ushauri utakuwa ule ule, lala mama, usikanyage chini, mguu ukivimba tutakuchua na mafuta ya nazi. Wanasema kwa mapenzi kabisa, lakini kwa oparesheni hii kulala tu ndiko kwenye hatari, na ndio maana manesi wanamsimamisha mgonjwa siku hiyohiyo au kesho yake, huku bado analalamika maumivu.

Oparesheni yenyewe kwa kifupi, kichwa cha mfupa wa paja kilicholika kinatolewa, kinawekwa cha chuma au cha kauri kinachozunguka ndani ya kikombe kipya. Aliyeuweka sawa mtindo huu ni daktari wa mifupa John Charnley wa Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Sasa shida iko kwenye damu. Kushuka mguuni moyo unaisukuma, ila kupanda kurudi juu inahitaji msaada. Chukulia pampu ya mkono ya kisima, ukibonyeza maji yanapanda, ukiachia kuna valvu inayazuia yasirudi, unabonyeza tena yanapanda zaidi. Mguuni kigimbi ndicho kinachobonyeza, kila hatua ni mbonyezo mmoja, na mishipa inayorudisha damu ina valvu zake humo ndani. Mtu akilala siku nzima hakuna anayebonyeza, damu inatuama. Hapo hapo mwili uko mbioni kugandisha damu ili uzibe jeraha, na mshipa mkubwa wa paja nao ulipindwa wakati daktari anauzungusha mguu, basi bonge la damu linaanza taratibu bila hata kuuma. Likikatika likaenda mapafuni mtu anaweza kufa ghafla.

Na hatari haiishi siku ya kuruhusiwa, inaendelea kwa wiki kadhaa, kwa hiyo dawa ya kuzuia damu kuganda, ya kumeza au ya sindano, mara nyingi inaandikwa mpaka siku 35 na usiikatize eti kwa sababu umejisikia vizuri. Ukiwa kitandani chezesha nyayo juu chini. Soksi za kubana wengine wanapewa, ila ushahidi wake si mzito kama wa dawa. Safari ya basi kutoka Dar kurudi Tanga, zaidi ya kilomita 300, muulize daktari kwanza, na gari likisimama shuka unyooshe miguu.

Kuhusu kuchua: kigimbi kilichovimba upande mmoja, kinauma, kina joto, kisichuliwe wala kukandwa. Matukio ya bonge kukatika kwa kuchuliwa yaliyoandikwa si mengi, lakini yapo, na mimi nisingekubali mtu wangu ajaribiwe. Ende hospitali apimwe. Akibanwa pumzi, kifua kikachoma au akakohoa damu, hapo ni kukimbizwa.

Jeraha nalo lisipakwe kitu cha nyumbani, likitoa maji au usaha arudi. Kabla ya oparesheni jino bovu na kidonda chochote vitibiwe, sukari ishuke, sigara iachwe.

Halafu kuna nyonga kuchomoka. Ukikaa chini sana goti linapita usawa wa nyonga na kile kichwa kinaweza kutoka kwenye kikombe, hasa kama daktari aliingilia kwa nyuma. Kwa hiyo mbuzi ya kukunia nazi, kigoda, mkeka na choo cha kuchuchumaa vyote vinasubiri, na swala ni juu ya kiti. Masharti haya baadhi ya madaktari siku hizi wameyalegeza kwa sababu tafiti hazijaonyesha wazi kuwa yanasaidia kila mgonjwa, kwa hiyo fuata ya aliyekupasua. Ikichomoka utajua, maumivu ya ghafla, mguu unaonekana mfupi na umegeukia upande, kukanyaga haiwezekani. Asiuvute mtu yeyote nyumbani, mlazeni hivyo hivyo mumpeleke hospitali ya Bombo.