Je, wajua kwa nini Kiingereza hakiachi kudai in, on na at?

Mtu akikupigia simu ukiwa jijini Nairobi akuulize uko wapi, jibu la Kiswahili ni jepesi: niko Kencom, niko Moi Avenue, niko Kawangware. Niko ni ile ile. Mjibu mtu huyo kwa Kiingereza, na kila mahali panadai kihusishi chake: at Kencom, on Moi Avenue, in Kawangware. Ukivichanganya ataelewa ulipo, lakini atajua papo hapo kwamba kuna kitu hakijakaa sawa. Kwa nini lugha moja itosheke na niko, na nyingine itake vineno vitatu?

Tuanze na kazi ya vineno vyenyewe. At huchukulia mahali kuwa nukta. On hushika mstari au uso wa kitu. In hutaka eneo lenye mipaka, ambalo mtu anaweza kuwa ndani yake. Kencom ni mahali pa kupandia na kushukia, basi ni nukta. Moi Avenue ni barabara, mstari. Kawangware ni mtaa mzima wenye vichochoro vyake, eneo. Lakini kihusishi hakifuati mahali penyewe, kinafuata jinsi msemaji anavyopachukulia. Steji ya Kencom ilipata jina kutokana na jumba lililo kando yake, na mtu anayefanya kazi katika ofisi za ghorofa za juu hasemi at. Yeye yuko in Kencom House.

Ndivyo ilivyo hata kwenye magari. Kiingereza husema in a car, in a taxi, lakini on a bus, on a train, on a plane. Chombo ambacho unainama, unaingia na kukaa papo hapo huchukua in. Kile unachopanda, ukasimama wima na kutembea hadi kwenye kiti chako huchukua on. Kwa hiyo treni ya Mombasa ni on, Probox ni in, na matatu ndogo ya abiria 14, ambayo mtu mzima hawezi kusimama wima ndani yake, huvutwa upande wa in.

Kiswahili nacho kinazijua tofauti za namna hii, ila kimeziweka kwingine. Tulifundishwa po, ko na mo: yupo mlangoni, mahali dhahiri, yuko mjini, mahali pasipo dhahiri, yumo chumbani, ndani kabisa. Hata kitenzi hupokea alama hiyo, ndiyo maana tunasema mlangoni pana watu, mjini kuna watu, mtungini mna maji. Nairobi tumezoea kutumia ko peke yake karibu kila mahali, na kwa maoni yangu tunajinyima. Mwanafunzi aliyezoea kusema yumo tayari ana in kichwani. On ndiyo isiyo na mwenzake kamili katika hizo tatu. Tunayo juu ya, lakini hakuna asemaye niko juu ya Moi Avenue.

Kiingereza chenyewe hakikuwa hivi tangu mwanzo. Kiingereza cha Kale, kilichosemwa hadi miaka ya 1100 hivi, kilitia viambishi mwishoni mwa nomino na vivumishi kuonyesha nani anatenda, nani anatendwa, nani mwenye mali, nani anapewa. Mfalme mwema alikuwa gōd cyning alipotenda, gōdne cyning alipotendwa, gōdes cyninges kitu kilipokuwa chake, na gōdum cyninge alipopewa. Aliyelelewa na ngeli hatashangaa, kwani nasi kivumishi chetu hupatana na nomino: mtu mwema, kitu chema, jambo jema. Sisi tunaweka alama mwanzoni mwa neno, wao waliiweka mwishoni.

Na huko mwishoni ndiko kulikoponza. Mkazo wa Kiingereza uliangukia zaidi mwanzo wa neno, na silabi za nyuma zikawa zinamezwa. Kuanzia karne ya 9 walihamia Waskandinavia, ambao maneno yao mengi yalifanana na ya Kiingereza katika shina na kutofautiana mwishoni. Kisha Wanormani wakaivamia nchi mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya watawala, na viambishi vilivyokuwa vimekwisha kulegea vikakosa maandishi rasmi ya kuvishikilia. Kufikia 1500 kivumishi kilikuwa kimebaki shina tupu: good kwa mfalme, good kwa wafalme, good kwa mkate. Kazi ya viambishi haikwenda nao. Ilirithiwa na mpangilio wa maneno pamoja na vihusishi.

Hapo ndipo vivumishi vya Kiingereza vilipoanza kutembea na kihusishi ubavuni. Full zamani ilitaka nomino yenye kiambishi cha umilikaji. Leo inataka of, full of water. Machache yaliponyoka, kwa mfano worth na like: worth fifty shillings, like her mother, bila kihusishi chochote katikati.

Sasa mfikirie mtoto wa shule wa mtaa wa Umoja au Kibra anayeandika married with. Mwalimu anapiga mstari mwekundu: ni married to. Lakini mtoto huyo amefikiri vizuri kabisa, kwa sababu kwao dada ameolewa na fulani. Good in mathematics nayo imetoka kwa hodari katika hesabu, ilhali Kiingereza kinataka good at. Discuss about ni kujadiliana kuhusu, ingawa discuss haihitaji chochote. Inaniuma kusikia mtoto akiambiwa Kiswahili kinamharibia Kiingereza. Kilichopo ni kwamba Kiswahili hutia kihusishi ndani ya kitenzi: pika, pikia, kimbia, kimbilia, lia, lilia. Kiingereza hakina mnyambuliko huo, kwa hiyo lazima kiseme cook for, run to, cry for. Mtoto akielezwa hivyo mara moja, anajua kwamba kile alichozoea kukisikia ndani ya neno, huku atakitafuta nyuma yake.

Sababu zipo pia katika uchaguzi wa kihusishi, walau kwa sehemu. Of na off zamani zilikuwa neno moja lenye maana ya kutoka, na ndiyo maana of hufuata hisia na kutaja chanzo chake: afraid of dogs, hofu inatoka kwa mbwa, vivyo hivyo proud of, ashamed of, tired of. Ustadi huchukua at: good at, bad at. Ukimkasirikia mtu ni angry with, ukikasirikia jambo ni angry about. Baada ya hapo ni mazoea tu. Wote husema different from, lakini Waingereza wengi husema pia different to, na Wamarekani different than. Dawa ninayoiamini ni kuandika kivumishi na kihusishi chake pamoja daftarini, kana kwamba ni neno moja.

Kuna mahali Kiingereza huacha vihusishi vyote na kupanga nomino tupu, ya mwisho ikiwa ndiyo kichwa. Water bill payment receipt ni risiti, si maji. Isome kutoka nyuma, ukitia a-unganifu (ya, wa, cha) kila hatua, nawe unapata Kiswahili safi: risiti ya malipo ya bili ya maji. Jaribu na Jomo Kenyatta International Airport: Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta. Hata hivyo of haijaachwa kabisa. Nairobi ina Kenyatta University na ina University of Nairobi, jina la mtu likitangulia na la mji likija nyuma ya of. Kwetu vyote viwili ni Chuo Kikuu cha.