Kukata springi za mbele hakulainishi gari

Kwenye makundi ya WhatsApp ya wenye magari ya zamani, Mbeya hadi Iringa, kuna ushauri usiokoma kuzunguka: springi za mbele zikiwa ngumu, kata mzunguko mmoja, gari litashuka na kulainika. Kushuka litashuka. Kulainika, hapana.

Mizunguko inayocheza, yaani ile inayobanwa na kuachia gari likitembea, ikipungua, ugumu unapanda: kutoka 8 hadi 7, unaongezeka kwa takriban asilimia 14. Unene wa waya una nguvu zaidi. Kutoka milimita 12 hadi 13, kama vipimo vingine havijabadilika, ugumu unapanda kwa karibu asilimia 38, na jicho halioni tofauti hiyo. Kwa hiyo pima waya kwa venia (kipimo cha taya cha kupimia unene) kabla ya kununua springi za mtumba. Kulinganisha mbili, zibane kwa presi yenye geji kwa nguvu ileile. Inayoshuka kidogo ndiyo ngumu.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu bodi iliyoshuka huonekana imelegea. Kumbe nafasi ya kucheza imepungua, na ukifunga breki mteremko wa Kitonga, gari hugonga mapema raba za kikomo, zile zinazozuia bodi kushuka kupita kiasi. Tena springi iliyokatwa inaweza kuchomoka kwenye kikalio gurudumu likining'inia.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mjibu aliyeutuma kwa vipimo hivi.