Sumu ya mchanganyiko: metali zikikutana majini, kiluwiluwi anapata nini

Majibu ya maji kutoka maabara huwa yanakuja mstari kwa mstari, risasi kiasi hiki, shaba kiasi hiki, kadimiamu kiasi hiki, kila moja pembeni imeandikwa iko chini ya kiwango, basi watu wanasema maji poa. Sasa kiluwiluwi hakutani nazo moja moja, anaogelea ndani ya zote usiku na mchana, na hapo ndo inapokuja hii kitu inaitwa sumu ya mchanganyiko.

Hesabu yake iko hivi. Chukua dozi ya shaba inayoua nusu ya viluwiluwi kwenye beseni, igawe mara mbili. Kadimiamu nayo fanya hivohivo. Ukizimimina pamoja, nusu na nusu ni moja, kwahiyo unategemea nusu yao wafe. Wakifa nusu hiyohiyo, metali zimejumlishana tu. Wakifa karibu wote, zimesaidiana. Wakifa wachache, zimezuiana, na hii sio stori, zinki mara nyingine inapunguza kabisa makali ya kadimiamu.

Kwanini? Kadimiamu na risasi hazina mlango wao mwilini, zinadandia njia za kalisiamu, yaani ni daladala la jioni, siti chache wagombeaji wengi, mwingine akiwahi wewe unabaki kituoni. Ndo maana kwenye maji magumu yenye kalisiamu nyingi dozi ileile huwa inaua wachache kuliko kwenye maji laini. Ila zikishaingia mambo yanageuka: kuna protini inayozikamata na kuzifunga, na zikija za aina mbalimbali kwa mpigo protini inazidiwa, zinazobaki zinazurura zinavyotaka. Huku shaba nayo iko kwenye matamvua anayopumulia majini, inafanya chumvi imtoke mnyama.

Yai la chura halina ganda, ni ute tu, kwahiyo maabara wanalipenda. Wanachukua mayai machanga ya Xenopus laevis, chura wa kusini mwa Afrika, wanayaweka kwenye maji yenye metali saa 96, halafu wanahesabu waliokufa, waliopinda mgongo, waliovimba, na wale utumbo wao haukujikunja sawasawa.

Kwetu mfano ni mialo ya dhahabu, yaani sehemu za kusaga na kuosha mawe ya dhahabu, Geita au Chunya. Watu wanaongelea zebaki tu, sawa, ila mwamba uliosagwa unaweza kuja na risasi na shaba yake humohumo, vikatulia kwenye tope, na viluwiluwi wengi chakula chao ni kukwangua ukoko wa chini.

Mi wasiwasi wangu hata sio wanaokufa. Kugeuka kuwa chura kunaendeshwa na homoni za tezi ya shingo, na metali zinaweza kuchelewesha hiyo kazi. Aliyecheleweshwa hivyo kwenye jaribio la saa 96 anaandikwa mzima, lakini kwenye dimbwi la masika mvua ikikata mapema anakutwa bado ana mkia.