Kutembea si kipimo cha mfupa

Kilimanjaro Marathon ikikaribia, Moshi haikosi watu wanaochechemea, na kila mmoja ana mshauri wake: "Kama unatembea, hujavunjika." Si kweli. Mfupa wenye ufa unaweza kukubeba siku kadhaa huku ukilaumu viatu.

Daktari hubonyeza kifundo cha mguu kwa nyuma, sentimita 6 za mwisho za mfupa, ndani na nje. Ukishtuka kwa maumivu hapo, au ukishindwa kupiga hatua 4, unapelekwa eksirei. Maumivu yakiwa mbele kidogo ya kifundo cha nje, penye nyama laini, mara nyingi ni ligamenti (utepe unaounganisha mifupa) iliyovutika.

Na bibi wa kukanda kwa maji ya moto? Siku mbili za kwanza mwambie asubiri (atanuna, najua). Barafu kwenye kitambaa, bandeji, mguu juu ya mto.