Namba 1 ya Jerry Lewis Haipo, Acheni Kuitafuta

Dhana: Seti ya The Adventures of Jerry Lewis, majarida ya katuni ya mchekeshaji huyo wa Marekani, ni pungufu bila matoleo ya 1 hadi 40.

Ukweli: Chini ya jina hilo, matoleo hayo hayakuwahi kuchapishwa. Mwaka 1952 DC, kampuni ya katuni ya Marekani, ilianzisha The Adventures of Dean Martin and Jerry Lewis. Wachekeshaji hao wawili, waliokuwa wakiigiza pamoja, walitengana Julai 1956, lakini kwenye katuni wakaendelea kuwa pamoja kwa zaidi ya mwaka, hadi toleo la 40. Mwishoni mwa 1957 jina la Martin likaondolewa na hesabu ikaendelea palepale: toleo la 41 ndilo la kwanza la Lewis peke yake, na la 124, mwaka 1971, ndilo la mwisho. Ukiwa na hayo 84, seti yako imetimia. Wachapishaji wa Marekani enzi hizo walikwepa kuanza namba upya, maana jarida jipya lilidai kibali kipya cha posta, na kibali ni pesa.

Basi ukiletewa "namba 1" ya Lewis, usiulize bei kwanza. Soma yale maandishi madogo ya mchapishaji, chini ya ukurasa wa kwanza au ndani ya jalada: yanataja jina rasmi, namba na mwezi. Kisha kagua mgongo. Ukiona matundu ya ziada kando ya pini, pini zimewahi kutolewa na kurudishwa, na huenda jalada au kurasa zimetoka nakala nyingine. Hesabu kurasa pia. Zile za katikati ndizo huchomoka zikapotea.

Dhana: Wachekeshaji waliandika wenyewe katuni zilizobeba majina yao.

Ukweli: Walitoa ruhusa ya jina na sura. Mwandishi Arnold Drake aliandika visa vingi vya Bob Hope, mchekeshaji mwingine aliyekuwa na jarida lake DC, na mchoraji Bob Oksner alimchora Hope na Lewis pia.

Dhana: Ni Marekani tu iliyowachora wachekeshaji halisi kwenye katuni.

Ukweli: Uingereza ilimchora Charlie Chaplin katika jarida la katuni The Funny Wonder mwaka 1915. Wachekeshaji wa filamu Laurel na Hardy waliingia jarida jingine la huko, Film Fun, mwaka 1930.

Dhana: Toleo lenye Batman ni ghali, liweje.

Ukweli: Toleo la 97 la Lewis, la 1966, lina Batman na hutafutwa sana. Lakini lililochanika likabandikwa selotepu halina bei ya maana: gundi hugeuka manjano, hupenya karatasi na kuacha doa la kudumu. Mpasuko uache ulivyo.